Hamimu wa Tanzia

Mume wangu Hamimu hagombani na mtu. Watu wa Nyakabiga, mtaa wetu hapa Bujumbura, wanamsifia kwa hilo, na mimi huwaacha wamsifie, kwa sababu hawaishi naye. Kuishi na mtu asiyegombana ni kazi. Ukimuuzia nyama iliyo mifupa mitupu atakushukuru, na wiki ijayo atarudi kwako hukohuko. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nimeolewa naye. Mimi ni mshonaji, nina cherehani mbili barazani, na mengi ya haya niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, uzi mdomoni. Siku ya msiba wa Bi Waridi tu sikuwapo barazani, na hadi leo najilaumu.

Wanamwita Hamimu wa Tanzia. Jina amelirithi. Baba yake ndiye aliyekuwa akipeleka habari za misiba: Mwislamu akifa Buyenzi au Nyakabiga, mzee anapanda baiskeli, anapita nyumba kwa nyumba, anasimama mlangoni, anasema jina la marehemu na saa ya mazishi, anaondoka bila kukubali hata chai. Sisi hatulazi maiti tukiweza kumzika. Mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini, kwa hiyo habari iliyochelewa nusu siku ni bora isiletwe. Magoti ya mzee yalipochoka, Hamimu, ambaye riziki yake ni kutengeneza kompyuta za watu, akafungua tovuti ya tanzia. Anaweka picha ya marehemu, nyumba ya msiba, saa ya mazishi, na sauti ya mtu wa familia akitangaza mwenyewe. Wazee wetu wengi hawasomi, lakini sauti ya jirani wanaijua. Hizo sauti ndizo zilizofanya tovuti ipendwe. Siku hizi inafunguliwa Buyenzi, inafunguliwa Uvira, inafunguliwa Omani na Ubelgiji.

Ila sauti ni mzigo. Mwanzoni tovuti ilikaa kwenye mashine moja na tovuti za watu wengine, kama wapangaji wa uani wanaogombania bomba moja. Akifa mtu maarufu, watu wakaingia kwa wingi, inakwama. Ndipo Hamimu akakodi seva nzima ya peke yake, huko Ulaya, kwa kampuni ambayo jina lake silitaji kwa sababu nikilitaja presha inanipanda. Aliyemuuzia alikuwa kijana anaitwa Valéry. Wiki ya kwanza alipiga simu mara tatu. Aliuliza hali ya hewa ya Bujumbura, aliuliza watoto. Hamimu akaniambia amepata ndugu. Mkataba ulipotiwa sahihi, simu ya ndugu ikawa haipokelewi.

Mara ya kwanza seva ilizima Ramadhani, siku ya nne, kwa muda wa saa tisa mfululizo. Wakasema diski imekufa, wameweka nyingine. Mara ya pili wakasema ni matengenezo yaliyopangwa; yalipangwa na nani na aliambiwa nani, hawakusema. Mara ya tatu wakasema tatizo ni intaneti ya Burundi. Hapo Hamimu akamwomba rafiki yake aliyeko Ubelgiji ajaribu kufungua, ikakataa hukohuko kwao, wakapiga picha ya kioo cha simu, wakatuma kama ushahidi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: wamefurahi kusikia kwamba tatizo limekwisha.

Kwenye kampuni ile hakuna mtu wa kuzungumza naye. Kuna ukurasa wa kuandika shida yako, wao wanauita tiketi. Na Hamimu alijaza tiketi kama mtu wa Bujumbura anavyoingia nyumba ya watu. Kwanza salamu. Halafu anauliza familia, kazi, baridi ya huko kwao. Halafu anashukuru kwa msaada wa mara iliyopita, ambao haukuwa msaada. Ndipo chini kabisa, kama haitawasumbua, anaomba watazame seva yake. Mwisho wa ukurasa kuna kisanduku cha kuchagua uharaka wa shida: mdogo, wa kati, mkubwa, wa hatari. Siku zote yeye alichagua wa kati.

"Chagua ya hatari," nilimwambia siku moja.

"Apana, Mama Karimu. Labda kuna hopitali nayo imeanguka. Mi nipite mbele ya mugonjwa?"

"Hopitali gani inaweza kukodi kwa hawa watu?"

Akacheka. Hakubadilisha kitu. Akajibiwa na mtu anayejiita Hugues, kesho yake na Amélie, keshokutwa na mwingine, na kila mmoja alianza upya: tafadhali tueleze shida yako. Naye akaeleza upya, na salamu zake zote.

Nilimwambia ahame. Alikuwa na sababu mbili za kutohama. Ya kwanza ilikuwa ya kweli: sauti za miaka tisa, ukizihamisha kwa intaneti yetu ni wiki nyingi, na katikati hapo tanzia za watu zitakaa wapi? Ya pili ni kwamba aliona haya. Kumwacha mtu mliyewekeana mkataba bila kukaa naye chini mkaambiana, kwa Hamimu huo ni utovu wa adabu, na wale watu hawakuwa na chini ya kukalia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilimwimbia wimbo huo mwaka mzima, akawa anaitikia tu.

Sasa niwaambie habari ya Bi Waridi na Bi Mwantum. Kwa zaidi ya miaka thelathini hao wawili ndio waliokuwa wakiosha maiti za wanawake hapa kwetu. Mmoja anamwaga maji, mwingine anasugua, wala hawaambiani kitu. Mama yangu walimwosha wao. Na waliahidiana mbele yetu sote kwamba atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki, mkono wa mwingine usiguse. Kisha wakakosana. Rachid, mtoto wa Bi Waridi, alimchumbia binti wa Bi Mwantum, na mwezi mmoja kabla ya harusi akajitoa, na mama yake akasimama upande wake. Yule binti aliolewa baadaye na karani mmoja wa serikali, na Bi Mwantum akahamia kwao Mutanga Nord. Miaka kumi na moja hao wanawake hawakusalimiana. Watu walipozidi kumpigia simu wakitaka kuwapatanisha, Bi Mwantum akaacha kupokea simu ya mtu yeyote isipokuwa binti yake. Makundi ya WhatsApp aliyatoka yote, na namba ya binti hakuna kwetu aliyekuwa nayo.

Ila ahadi hakuivunja. Miaka miwili iliyopita alileta buibui lake nilipunguze, na wakati napima pindo akamwita Hamimu.

"Mwanangu, mi simu sipokei, unajua. Lakini ile site yako nafungua asubuhi, nafungua muchana, nafungua alasiri. Siku ya Waridi, we weka tu. Nitasikia, nitakuja kumuosha."

"Nitaweka, Bi Mwantum."

"Mutu mwingine asimuguse."

"Nimesikia, mama."

Ahadi ni deni, na hapo palikuwa na ahadi mbili, ya kwake kwa Bi Waridi na ya Hamimu kwake.

Bi Waridi alifariki Jumanne, muda mfupi baada ya sala ya alfajiri. Saa moja asubuhi Rachid alikuwa barazani kwetu. Siku hizi ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Alisimama katikati ya vitambaa vyangu, Hamimu akamshikia simu ya kurekodia, naye akatangaza jina la mama yake, nyumba, na saa ya mazishi, baada ya sala ya alasiri. Halafu akaongeza: "Mama Mwantum, ni mi Rachid. Mama amesema we ndiyo umuoshe. Amesema vile mara mbili. Tutakungoja mupaka saa tano." Akafuta uso kwa mkono wa shati.

Seva ilikuwa imezima tangu alfajiri. Hamimu alimwambia wazi.

"Serveri iko na kaproblème kadogo. Nusu saa itarudia, nitaweka."

"Sawa, kaka," Rachid akasema, akaenda zake ametulia. Na mimi nikajifunga kanga nikaenda msibani, na simu yangu nikaitia ndani ya mkoba pamoja na unga na sukari. Nilitulia kama yeye. Nusu saa si kitu.

Hamimu akafungua tiketi. Nimeisoma kwa macho yangu baadaye. Bonjour, familia, baridi, shukrani kwa mara iliyopita. Kwamba kuna mama mmoja mzuri amefariki leo, na kama haitawasumbua. Uharaka: wa kati. Akajibiwa na Joëlla: mafundi wetu wanashughulikia, nusu saa. Nusu saa ikaisha, akaandika tena kwa heshima, akapewa nusu saa nyingine. Ndivyo ilivyokwenda asubuhi yote. Kila walipompa nusu saa aliipokea na kushukuru, akakaa kuingoja.

Msibani tulikuwa wachache. Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza, majirani walikuja, lakini wa mbali hawakuonekana. Sikushangaa. Mafuta yalikuwa hayapatikani wiki ya tatu, pikipiki zimelala kwenye foleni za vituo vya mafuta, nikasema watu watakuja polepole kwa miguu. Tuliteka maji, tukaweka ubani, kafuri, vitambaa vya kafani, tukakaa kumngoja Bi Mwantum. Saa nne ikapita bila habari. Saa tano ikafika. Rachid akaja nyuma ya pazia, akauliza kama amefika.

"Bado," nikamjibu. "Amesikia kweli?"

"Mi mwenyewe nimesema kwa sauti yangu. Hamimu ameweka. Amesikia."

Tukangoja tena hadi saa sita. Shehe akatuma mtu: mwosheni, msimchoshe marehemu. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Ameona. Amekataa." Wengine wakaitikia. Na mimi, ambaye nilimpima buibui, ambaye nilisikia ahadi kwa masikio yangu, nikasema, "Miaka kumi na moja. Moyo umekuwa jiwe." Nilisema hivyo mbele ya watu. Hata kuutoa mkono ndani ya mkoba nikatazame simu sikufanya, kwa sababu tovuti iko, na tukijua iko hakuna anayeuliza. Zamani angetumwa mtu. Siku hizo tulikuwa tumeshasahau kutuma mtu.

Nilimwosha mimi. Nilikuwa nimewahi kuwashikia ndoo wale wawili, utaratibu naujua. Mwenzangu alimwaga maji, mimi nikasugua kwa hasira ambayo nilidhani ni ya haki.

Baada ya saa saba nilirudi nyumbani kuchukua mkeka mwingine. Hamimu alikuwa palepale nilipomwacha, mbele ya kompyuta, chai ya asubuhi imeganda utando.

"Imerudia?" nikauliza.

"Bado kidogo. Wamesema nusu saa."

Nikasimama na mkeka mkononi.

"Tangu asubuhi haijarudia?"

"Ilikuwa karibu, Mama Karimu. Iko karibu."

"Na Bi Mwantum?"

Alinitazama. Sijui niseme vipi, nilimwona akizeeka pale kwenye kiti. Mtu huyu ana akili, anajua mambo ya mashine ambayo mimi siyajui, na tangu saa moja hadi saa saba hakuwaza hata mara moja kwamba ana miguu. Aliwaza seva tu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kwa mara ya kwanza tangu anioe hakutafuta neno la upole. Alivaa viatu akatoka.

Kutoka kwetu hadi Mutanga Nord si safari. Mtu mwenye haraka anafika ndani ya saa moja kasoro, kwa mwendo wa kupanda. Kurudi na mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, bila pikipiki wala teksi, ni habari nyingine. Mimi nilikimbia msibani nikamwambia Rachid. Alikaa chini kwenye ngazi. Halafu akainuka akawaomba wazee wangoje. Wakangoja robo saa, wakaongeza kidogo, lakini sala haimngoji mtu na kaburi lilikuwa wazi. Jeneza likatoka.

Mambo ya seva nitayamaliza hapa ili nisirudi tena. Ilirudi saa kumi na moja kasoro jioni ile, na kampuni ikatuma barua ya kumwomba Hamimu awape nyota, kuanzia moja hadi tano, kwa huduma waliyompa. Ilimchukua wiki tano kuhama, akibeba sauti chache chache kila siku. Alikohamia ni kwa kampuni nyingine ambayo nayo ina vituko vyake, ila sasa ana mashine mbili, moja ikilala nyingine inashika. Na tanzia ikija, kabla hajagusa kompyuta, anauliza familia: ni nani asiyeweza kuikosa? Hao anawaendea. Nimeshashona suruali zake mbili zilizochanika kwa kutembea.

Lakini siku ile walifika saa kumi na dakika kumi. Wanaume walikuwa makaburini, uani tumebaki wanawake kwenye mikeka. Hamimu alisimama getini hakuingia. Bi Mwantum aliingia peke yake, kanga kaifunga vibaya, vidole vina vumbi la maharage. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa chumba, akakiona kitanda kitupu.

"Nani ameosha?"

"Ni mi, Bi Mwantum," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nilingoja anitukane, na ningepokea. Badala yake akatoa simu kwenye pindo la kanga, akainua ili sote tuione, akamgeukia Hamimu kule getini, kisha akatugeukia sisi.

"Nimefungua mara tano leo. Ilikuwa nyeupe tu, hakuna picha hata moja. Nikasema alhamdulillahi, leo hakuna mutu amekufa. Nikakaa na maharagi yangu." Akatutazama usoni, akadhani hatumwamini. "Ni kweli. Mutoto wangu aliona, mumuulize."

Alikuwa anajitetea, yeye. Hamimu alivua kofia akajifunika nayo uso. Mwanamke wa karibu na mlango alianza kulia.

"Tulisema umekataa," nikamwambia. "Na mi nilisema."

"Nimejua mulisema," akajibu bila ukali. "Mulimuoshea wapi?"

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Kitanda cha kuoshea, cha mbao, mali ya msikiti, kilikuwa bado pale kinangoja kurudishwa, kimelowa, maji yamesimama kwenye nyufa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akapandisha mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, akaniambia nilete maji, na nilipoleta akayagusa, akaniambia nikayapashe moto. Nikayapasha. Akaomba kafuri iliyobaki. Akasema bismillahi, akainama, akaanza kukiosha kitanda kile upande wa kichwani, halafu kulia, halafu kushoto, mara tatu, mbao kwa mbao, na midomo yake ikinong'ona maneno marefu ambayo hayakuwa ya kwangu kuyasikia. Mimi nilishika kopo nikamwagia maji.